Shemeji na Breki ya Pili

Zulia la mpira kwenye gari langu, upande wa abiria, lina tundu la ukubwa wa kisigino cha mwanamume mzima. Upande wa dereva, ninakokaa mimi na ninakofanya kazi yote, zulia ni zima. Ukitaka kumjua shemeji yangu, anzia hapo.

Shemeji ni mume wa dada yangu mkubwa. Kwa zaidi ya miaka ishirini alifundisha udereva huko walikotoka, katika gari dogo jeupe lenye breki mbili: moja ya mwanafunzi, ya pili mbele ya kiti cha abiria, ya mwalimu. Miaka yote hiyo mguu wake wa kulia haukupata likizo. Gari lile limeshauzwa, lakini mguu haujapewa taarifa. Mpakie kwenye gari lolote, hata la kubebea maiti, atakanyaga sakafu kila anapokatiza kuku.

Huko kwao kila mwanafunzi aliulizwa swali moja kabla hajagusa usukani: "Breki ni ya nini?" Aliyekosea alisahihishwa kwa upole. Lakini mkuu wa shule mmoja alijibu kwamba dereva makini, kwa kweli, hana haja na breki. Shemeji alimshusha palepale barabarani, akamrudishia ada yake, akamwacha atembee na tai yake shingoni. Hadithi hii nimeisikia mara nyingi kuliko wimbo wa taifa.

Walihamia huku kwa sababu ya Dada. Yeye ni mkunga, na alipata kazi ya kusimamia wodi ya wazazi katika hospitali ya mji huu, ambako mimi nauza miwani kwenye duka linalotazamana na lango la hospitali hiyohiyo. Watoto wao wako shule za bweni. Kwa hiyo walikuja na friji, kochi la watu watatu, na Shemeji. Friji likaingia jikoni kwangu, kochi likaingia sebuleni, Shemeji akaingia kila mahali.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi shamba sina, nikampa tambara la kupigia deki. Akalipokea kwa heshima zote, akadeki sebule ikang'aa. Jioni akaniambia, bila kinyongo, kwamba amenichunguza siku zilizopita, na kwamba mimi nikideki narudi kinyumenyume bila kuangalia nyuma. Nilihesabu moyoni mpaka nikapoa.

Nyumba aliiona Dada kwanza. Ilikuwa juu ya kilima nyuma ya hospitali, nyumba ya vyumba vitatu yenye geti la kijani lililobabuka rangi, na mwenyewe alikuwa mzee mmoja mstaafu wa posta aliyekuwa anahamia kwa binti yake. Tulikwenda kuitazama sote watatu, Dada akatangulia. Alipita vyumbani, akafungua kabati, akaingia jikoni. Jiko lile lilikuwa na dirisha pana juu ya sinki, na mlango wa kutokea uani. Akafungua bomba, maji yakatoka, akalifunga, akalifungua tena. Dada yangu ametumia maisha yake yote katika nyumba za kupanga, akichota maji kwenye mabomba ya wenye nyumba wenye masharti. Nilimtazama mgongo wake pale kwenye sinki, nikajua kwamba nyumba hii ikimponyoka ataumia, na mimi nitaumia naye.

Mzee wa posta akatuambia wazi. Kulikuwa na mfanyabiashara wa mabati aliyekuwa tayari na fedha taslimu. Yeye angependa nyumba iingie mikononi mwa watu wa kuishi humo, si wa kuigeuza stoo ya mabati. Lakini binti yake anamsubiri, na Ijumaa ikifika hana barua ya mkopeshaji mkononi, atamwuzia mwenye mabati.

"Mimi nimeleta kazi," Dada akamwambia mumewe tulipokuwa tunashuka kilima. "Wewe leta mkopo."

Msione hilo ni jambo dogo. Jioni ile Shemeji alikuja kukaa nami kwenye ngazi ya nyuma, ninapoanikia nguo, akanisaidia kukunja nguo bila kukosoa hata moja. Nikaogopa.

"Shemeji," akasema, "kule kwetu nilikuwa nikiingia benki naitwa Mwalimu tangu mlangoni. Meneja nilimfundisha mimi. Mhasibu nilimfundisha mimi. Wakiniambia jambo, nilijua nani wa kuaminiwa kwa namna alivyokuwa anakata kona. Huku nani ananijua? Jana mlinzi wa hospitali kaniita mume wa nesi. Nesi mwenyewe ni mkunga, hata hilo hajui."

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," nikamwambia. "Utazoea."

"Sitaki kuzoea. Nataka kuchagua vizuri. Nikikosea hili, mke wangu atanisamehe, na mimi sitaki kusamehewa."

Nikamhurumia. Halafu akaniambia mpango wake, huruma ikapungua.

Mpango ulikuwa hivi. Kila mkopeshaji lazima amtume mtu kuiona nyumba kabla ya kuahidi fedha. Basi Shemeji angemwomba kila afisa mikopo aendeshe yeye mwenyewe, naye akae kiti cha mbele. Hulka ya mtu, alisema, hutoka kwenye mlima na kwenye kona, na kilima kile kilikuwa na vyote viwili. Wakifika karibu na geti angemwuliza swali lake moja: kwenye mkopo wenu, breki ya pili iko wapi? Maana yake, mshahara wa mke wangu ukichelewa, au akiugua, nani anasimamisha gari kabla halijagonga ukuta?

Swali lenyewe nililipenda. Huo mtihani wa udereva ndio ulionishinda. Lakini nilitaka sebule yangu, kwa hiyo nikajitolea kukaa kiti cha nyuma kama shahidi.

Tulianza na benki kubwa, ile yenye jengo la vioo. Afisa wao alikuwa kijana mtanashati, viatu vinang'aa mpaka unaweza kujitazamia meno. Wenzangu, yule kijana alijua kuendesha. Gari lilipanda kilima kama linavutwa na uzi. Kwenye kona akapunguza mwendo kabla, si katikati. Nikachungulia mguu wa Shemeji: umetulia, umelala, kwa mara ya kwanza tangu aje mjini kwangu. Juu, mbele ya geti, palikuwa na nafasi finyu kati ya lori la mchanga na mti. Kijana akarudi nyuma mara moja tu, akaingia, akazima injini. Shemeji alitoa leso akajifuta macho. Akasema ni vumbi.

"Niambie, baba," Shemeji akamwuliza, "kwenye mkopo wenu, breki ya pili iko wapi?"

Akamweleza maana yake. Kijana akacheka vizuri, kicheko cha mtu aliyefundishwa kucheka.

"Mzee wangu, ukiwa na sisi hutahitaji breki."

"Na riba?" nikauliza mimi kutoka nyuma. "Inabaki hivyo hivyo?"

"Inafuata soko, dada yangu."

"Soko likipanda?"

"Huwa linashuka pia," akasema, akanifungulia mlango.

Shemeji hakusikia hata moja. Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa anasimulia vioo. "Uliona? Cha kushoto alikiangalia mara mbili! Mara mbili, shemeji! Mtu kama huyo hawezi kukudhulumu."

Nikamwambia hata majambazi wana madereva wazuri, tena ndio wanaowahitaji zaidi. Akarudia kioo cha kushoto.

Wa pili alitoka kampuni ya mikopo ya nyumba iliyoko juu ya duka la magodoro. Sitasema mengi juu yake. Aliendesha simu ikiwa imebanwa shingoni, akala karanga kwa mkono uliobaki, na taa nyekundu ya sokoni akaipita akisema ile huwa ni mbovu. Hatukufika hata chini ya kilima. Mguu wa Shemeji ulishikwa na mkakamao, akaomba ashushwe, na tukarudi kwa miguu, yeye akichechemea na kulaani magodoro.

Wa tatu alikuwa mama wa chama cha akiba na mikopo cha wafanyakazi wa hospitali. Huyu mimi nilimjua, maana miwani aliyovaa nilimwuzia mimi. Alirudi dukani mara kadhaa baada ya kuinunua. Si kulalamika, alikuja kuniambia kwamba nilimtoza pungufu kwa fremu, na kuuliza kama nimeshafidia. Mteja wa namna hiyo hasahauliki.

Kwa bahati mbaya, leseni yake ilikuwa mbichi. Alikuja na kigari chake cha bluu, akashika usukani kwa mikono miwili kana kwamba kuna mtu anataka kumnyang'anya. Kwenye kila tuta alisimama kabisa, akalitazama, ndipo akalivuka. Bajaji zilitupita. Baiskeli zilitupita. Mama mmoja mwenye ndoo kichwani alitupita, akageuka akatupa pole.

Katikati ya kilima gari likazimika. Akaliwasha, likazimika tena. Akaliwasha, akaachia klachi, gari likaanza kurudi nyuma, na nyuma yetu palikuwa na lori la maji. Lori likapiga honi. Mimi nikakumbuka dhambi zangu. Shemeji alikuwa anakanyaga sakafu kwa miguu yote miwili, na sakafu ya watu haikuwa na la kumsaidia.

"Breki ya mkono!" akapiga kelele. "Mama, vuta breki ya mkono!"

Akaivuta. Tukasimama. Honi ya lori haikusimama.

"Samahani," akasema yule mama, kwa sauti ya chini. "Mlima huu sijawahi kuupanda. Nilipaswa kuwaambia kabla hamjaingia."

Shemeji alikuwa anatoka jasho. Nadhani aliuliza swali lake kwa woga tu, kama mtu anayeomba dua aliyoizoea. "Breki ya pili iko wapi?"

Mama akadhani anaulizwa habari za gari, akasema halina. Shemeji akamweleza, pale pale, honi ikilia. Naye, badala ya kumalizana na mlima kwanza, akageuka akamjibu yote.

"Ipo, lakini ni ngumu. Ukiona mambo yanakwenda kombo, uje kwetu kabla hujakosa kulipa hata mwezi mmoja. Tunaweza kukupumzisha miezi mitatu ukalipa riba peke yake. Si bure, mkopo unarefuka, na mwisho wa yote unalipa zaidi. Ukija umeshakosa, nitakutetea, lakini siwezi kukuahidi kitu. Na riba yetu iko juu kuliko ya benki ile ya vioo, sitakuficha. Ila haibadiliki mpaka unamaliza."

Dereva wa lori akashuka, akatupandishia gari yeye mwenyewe mpaka getini. Mama akaikagua nyumba chumba kwa chumba, akagonga kuta, akapanda kiti kutazama dari. Shemeji alikaa nje kwenye jiwe. Alikuwa ameshamfuta.

Siku ya Alhamisi, wakati wa chakula cha jioni, akatangaza uamuzi wake. Kesho asubuhi anakwenda benki ya vioo. Akaeleza sababu: kona, kioo cha kushoto, kurudi nyuma mara moja. Dada alikuwa amechoka, siku hiyo walizaliwa mapacha wawili na watatu wa mkupuo mmoja, akawa anaitikia kwa kichwa huku anasinzia.

Mimi nikashindwa kuvumilia. Nikaweka kijiko chini.

"Shemeji, unachagua mkopo au unachagua dereva? Huyo kijana baada ya kesho humwoni tena! Gari utaliendesha wewe na Dada miaka kumi na mitano, na yeye atakuwa ameshapanda cheo yuko mji mwingine anapaki vizuri huko!"

"Wewe hujui kusoma watu," akasema.

"Mimi nasoma watu kutwa nzima. Nawasomesha na herufi ukutani."

"Mchagua nazi hupata koroma," akaanza kunung'unika, "sasa mnataka nichague tena mpaka lini..."

"Ngojeni," Dada akasema. Macho yalikuwa yamefunguka. Hakupandisha sauti, wakunga hawana kawaida hiyo, kelele wanawaachia wengine. "Baba watoto, uliwauliza wote swali moja, si ndiyo? Haya, huyu wa benki alijibuje? Kama alivyosema mwenyewe."

Shemeji ana kasoro nyingi, ila si mwongo. Akanyoosha mgongo kama shahidi mahakamani.

"Alisema, 'Mzee wangu, ukiwa na sisi hutahitaji...'"

Mkono wenye tonge ukabaki hewani. Mimi nilimwona yule mkuu wa shule akipita mezani kwetu kwa miguu, na tai yake, na nadhani Shemeji pia alimwona. Dada, aliyekaa na hadithi ile miaka yote ya ndoa yake, akainamia sahani asicheke.

"Na yule mama?" akamwuliza.

"Yule mama alikaribia kutuua."

"Alijibuje?"

Akatuambia, neno kwa neno, mpaka lile la kwamba si bure. Alipomaliza, akaweka tonge chini, akasema kwa uchungu, "Mimi ni mjinga, mama watoto. Nimeangalia mikono. Miaka yote hii nimewaambia watu wasiangalie mikono."

"Basi kesho angalia mbele," Dada akamwambia, akaenda kulala.

Ijumaa asubuhi tulikuwa chamani kabla hawajafungua. Mshahara wa Dada ulikuwa umeshapitiwa, nyumba imeshakaguliwa. Barua ikapigwa mhuri mezani. Kumbe sharti la chama ni kwamba barua ya ahadi hukabidhiwa na afisa mwenyewe, mkono kwa mkono, mbele ya mwenye nyumba. Gari langu lilikuwa gereji. Mama akachukua funguo zake.

"Kaka, si uendeshe wewe?" akamwambia Shemeji. "Nisije nikawakosesha nyumba."

Nilitamani akubali. Wallahi nilitamani. Shemeji akazunguka gari, akaketi kiti cha abiria. Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya: akavua kiatu cha kulia, akaukunja mguu, akaukalia.

"Leo breki ni moja tu, mama," akasema, "na ni yako. Twende."

Ile haikuwa sauti ninayoijua, ile ya kunikosoa deki. Ilikuwa ya chini, haina haraka. Chini ya kilima tukazimika. "Sawa. Washa." Tukazimika tena. "Sawa. Hakuna aliyezaliwa na klachi. Vuta breki ya mkono. Sasa achia klachi pole pole, usiangalie miguu, sikiliza. Injini itabadilisha sauti. Umesikia? Hapo. Sasa achia ya mkono." Gari likapanda mpaka katikati, likazimika palepale tulipopigiwa honi na lori. Mguu aliokuwa ameukalia ulikuwa unarukaruka chini yake kama kuku ndani ya kikapu. Uso wake haukuonyesha kitu. "Tunaanza upya. Hakuna anayetufukuza."

Tulikuwa tunafukuzwa na mtu wa mabati, lakini sikusema.

Mara ya nne injini ikabadilisha sauti, hata mimi nikaisikia, na kigari kikaondoka, kikapita kona, kikapanda chote mpaka juu, mama akipiga vigelegele huku ameng'ang'ania usukani. Mbele ya geti palikuwa na gari kubwa jeusi. Mfanyabiashara wa mabati alikuwa amesimama barazani na bahasha nene, amekasirika. Mzee wa posta alikuwa ameketi kwenye kiti chake, amegeukia barabara.

"Nimewaona tangu chini," mzee akatuambia. "Huyu bwana ananihimiza nitie sahihi. Nikamwambia, ngoja kwanza, nataka nione kama wale watafika."

Mama akamkabidhi barua kwa mikono miwili. Mzee akaisoma yote, akaikunja, akamwomba radhi mtu wa mabati kwa adabu ya watu wa posta. Nikampigia Dada wodini. Akaniuliza kama bomba la jikoni bado linatoa maji. Nikaenda nikalifungua, nikamsikilizisha.

Nilipotoka nje Shemeji alikuwa amesimama getini na kiatu kimoja, mguu wa kulia umekufa ganzi. Mama wa chama alikuwa ameshageuza gari, kwa kurudi nyuma mara sita, na kila mara aliangalia kioo. Akashusha dirisha.

"Kesho saa ngapi, Mwalimu?"

Shemeji akageuka nyuma kutazama ni mwalimu gani anayeitwa. Nyuma yake palikuwa na geti la kijani tu.

"Ni wewe, shemeji," nikamwambia. "Mjibu mtu, gari liko mlimani."